Friji la milango miwili na mzee wa Frankfurt

Friji langu lilifika Mbagala siku ya Ijumaa jioni, limesimamishwa juu ya kirikuu na kufungwa kamba pande zote. Watoto wa mtaa walilikimbilia tangu kona ya msikiti. Mume wangu na vijana watatu wakalishusha, na mama muuza samaki, ambaye tumepanga naye nyumba moja, akapiga kigelegele kana kwamba tumeleta bibi harusi. Dereva alituonya tusiliwashe usiku ule, liachwe wima mpaka asubuhi ili gesi itulie. Basi tukalala nalo sebuleni likiwa kimya. Binti yangu wa miaka sita alitandika mkeka pembeni yake, akakataa katakata kwenda kitandani.

Nilikuwa nimelitaka kwa miaka saba. Kila maharage ya mchana yalipochacha kabla ya usiku, nilisema siku nikipata friji. Kila nilipomwaga maziwa ya mtoto, nilisema hivyohivyo. Mwisho niliingia kwenye mchezo wa wanawake 12, kila mmoja akitoa shilingi 60,000 kwa mwezi, na anayepokea anaondoka na 720,000. Kura ikaniangusha namba 11. Kwa miezi 10 nilikuwa nikitoka shuleni napitia Kariakoo kulitazama, mpaka kijana wa dukani akawa ananiona kwa mbali na kuniambia, "Mwalimu, bado lipo." Bei yake ilikuwa 680,000, usafiri mbali.

Asubuhi ya Jumamosi tukaliwasha. Likanguruma, likatikisika kidogo, likatulia. Binti yangu alifungua mlango kila baada ya dakika tatu aone taa ikiwaka. Mume wangu aliweka chupa moja ya maji, akakaa kwenye kochi akiingoja ipoe.

Ilikuwa furaha ya kweli, nataka hilo lieleweke. Ila wiki ya tatu, jioni moja nimerudi kazini, nilifungua mlango nikakuta nyanya nne, jagi la maji na nusu kitunguu, nikasimama pale nikingoja ile furaha ije. Haikuja. Badala yake nilijikuta nawaza stabilaiza, maana umeme wetu hupanda na kushuka. Nikawaza na friza lile la kulala, la kugandishia barafu za biashara. Miaka saba ya kulitaka, siku 20 za kulifurahia, na tayari moyo umeshahamia duka la pili.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimenunua kitabu barabarani Posta, kwa wale wauza vitabu vya mitumba, kwa shilingi 3,000. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada, na nilikichukua kwa sababu ukurasa niliofungua ulizungumzia kuchoka. Nilikisoma kwenye daladala la Rangi Tatu, siku nyingine nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye kitabu. Ndipo nilipokutana na Arthur Schopenhauer.

Huyu alikuwa Mjerumani, mtoto wa mfanyabiashara tajiri, aliyezaliwa 1788 Danzig, mji ambao sasa ni Gdańsk wa Poland. Hoja yake alimaliza kuiandika akiwa na miaka 30, katika kitabu kikubwa kilichotoka mwishoni mwa 1818. Anasema chini ya kila kitu kuna nguvu moja isiyo na macho wala kikomo, nayo ni kutaka. Mti unataka, mnyama anataka, mtu anataka, hata jiwe linaloanguka analiingiza humo. Na kwa kuwa anayetaka ni anayepungukiwa, kutaka ni maumivu. Ukikipata ulichotaka, maumivu yanapoa kidogo, kisha unaingia kuchoka. Ukichoka, unatafuta kingine cha kutaka. Maisha, anasema, yanayumba kama pendulamu ya saa ya ukutani, huku maumivu, huku kuchoka.

Nilipofika hapo daladala lilikuwa Mtoni kwa Azizi Ally, na mimi nilikuwa nasoma habari za friji langu zilizoandikwa miaka 200 kabla halijatengenezwa.

Kuna mfano wake mwingine ulioniingia zaidi. Anasema kutimiziwa tamaa ni kama sadaka anayotupiwa ombaomba. Inamfikisha kesho, ili kesho ateseke tena. Mfano huu ulikaa nami muda mrefu, na nitaurudia.

Kiswahili kina neno linaloeleza ile jioni yangu mbele ya nyanya nne, nalo ni kukinai. Aliyekinai ameridhika, moyo wake umetulia na alichonacho. Lakini chakula kikizidi nacho kinakinaisha, mtu anakisukuma mbali. Mahali pa kuridhika na mahali pa kuchoshwa, wazee wetu walipaita kwa jina moja, kana kwamba nao waliwahi kusimama mbele ya friji lililo wazi. Na si wao tu. Mhubiri wa Biblia alishasema yote ni ubatili mtupu. Na mwanzoni mwa karne hiyohiyo ya 19 ambayo Schopenhauer aliandika, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, akiuambia moyo wake utazame magofu ya Pate, majumba ya matajiri yaliyobaki kuwa makao ya popo. Nimekuwa nikilifundisha shairi hilo bila kufikiri kwamba linanihusu mimi na sebule yangu. Tofauti ni kwamba Sayyid Abdallah ana Mungu wa kuurudisha moyo kwake. Mzee wa Kijerumani hana. Kwake tiba kamili ni moja, nayo ni kutaka kwenyewe kuzimwe, kama wanavyofanya watawa wa Kikristo na wa Kihindi aliowasifu sana.

Ikaja likizo ya Juni, nikaamua kujaribu.

Nililichukulia kwa uzito kama mtu anayeanza dozi. Mchezo ulipoanza mzunguko mpya, nikasema sitaingia. Wifi yangu alikuwa anaolewa, na wifi zake wakachagua sare ya kitenge. Nikasema nitavaa nguo niliyonayo. Nikaacha kusimama kwenye maduka. Jioni, pale kituoni kwenye majiko ya mishkaki, ambapo moshi unamfuata mtu kama unamdai, nilipita nikitazama mbele. Nyumbani nilikula kilichopo. Chumvi ikipungua, sikusema.

Wiki ya kwanza niliona wepesi ambao sijawahi kuuona. Sikuwa na deni na mtu wala na kitu. Nililala vizuri. Ningependa kumtendea haki yule mzee hapa, maana kuna ukweli katika dawa yake, na anayeishi Dar es Salaam akihesabu nauli na ada anajua thamani ya siku moja ambayo moyo haujaomba chochote.

Wiki ya pili utulivu ukaanza kubadilika rangi. Wenzangu wa mchezo waliacha kunipigia, kwa sababu tulichokuwa tukizungumza siku zote ni mipango: nani anataka cherehani, nani anajenga choo, nani anampeleka binti yake chuo. Nilikuwa sina langu la kuleta.

Wiki ya tatu, usiku mmoja, mume wangu alirudi na mihogo ya kukaanga. Ilikuwa bado moto kwenye gazeti, imepasuliwa katikati na kujazwa chachandu, ukali wa pilipili ukipanda puani kabla hujafungua. Ni kitu ninachokipenda tangu utotoni na yeye anajua. Binti yangu alinisogezea kipande.

"Mama, hutaki?"

"Sitaki, mwanangu."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

Alinitazama kwa muda. Kisha akachukua simu ya baba yake, akaenda nje, nikamsikia anampigia mama yangu Muheza. "Bibi, shikamoo. Bibi, mama hataki kitu chochote."

Kesho yake alasiri mama aliteremka kwenye bodaboda mlangoni kwetu na kiroba cha machungwa. Hakuwa ametuambia kwamba anakuja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya nikiugua malaria. Akauliza kwa sauti ya chini, mume wangu asisikie:

"Mwanangu, nani kakukatisha tamaa?"

Nilishindwa kujibu, kwa sababu swali lilikuwa limenifunua jambo nililokuwa nikilisema kila siku bila kulisikia. Kile ambacho Schopenhauer anakiita wokovu, Kiswahili tunakiita kukata tamaa. Na kwetu aliyekata tamaa haonwi kuwa amefika. Anaonwa mgonjwa. Watu wanapanda basi alfajiri na machungwa kwenda kumwona.

Nililifikiria neno hilo usiku wote. Tamaa kwetu ina sura mbaya, maana tunaambiwa tamaa mbele, mauti nyuma. Mwenye tamaa ni fisi. Lakini ikikatwa, kinachokatika ni tumaini. Mgonjwa aliyekata tamaa hanywi uji. Mkulima aliyekata tamaa hapandi. Mjerumani alikuwa na neno moja la kutaka, akaliweka chini ya ulimwengu mzima. Sisi tunalo kapu zima: kuna haja, kuna hamu, kuna shauku, kuna uchu wa nyama na samaki, kuna kiu, kuna ari, kuna ashiki, kuna nia. Mama muuza samaki akisema ana uchu, tunacheka. Akisema ana haja, tunakaa chini tumsikilize. Sidhani kwamba yote hayo ni ombaomba mmoja aliyebadilisha kanzu.

Asubuhi nilimweleza mama habari za kitabu, tukimenya machungwa barazani. Alisikiliza vizuri, kwani mama yangu ni msikilizaji, kisha akauliza maswali yake.

"Huyo mzee alikuwa na watu?"

Nikamwambia hakuoa. Alikuwa na mbwa wa manyoya ya kusokotana, wa aina ya poodle, aliyemwita Atma, neno la Kisanskriti lenye maana ya nafsi.

"Na kula alikuwa anakula?"

Nikamwambia kweli. Alihamia Frankfurt 1833 akaishi huko mpaka alipofariki 1860, na kwa miaka mingi siku yake ilikwenda kwa ratiba moja. Asubuhi anaandika, anapiga filimbi, mchana anakula hotelini, Englischer Hof, na alisifika kwa kula vizuri, halafu anatembea na mbwa wake.

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Mtu anakula hotelini kila siku ya Mungu, ana filimbi yake, ana mbwa wake, halafu anakuzuia wewe mchezo wa elfu sitini?"

Nami nilicheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki kadhaa, lakini nilimtetea. Schopenhauer hakujiita mtakatifu. Aliandika waziwazi kwamba mtakatifu halazimiki kuwa mwanafalsafa, wala mwanafalsafa kuwa mtakatifu. Aliona njia, hakudai kwamba ameipita. Na ile filimbi haikuwa uongo pia, kwa sababu alifundisha kwamba muziki humpumzisha mtu na kutaka kwake kwa muda. Mtu anayeamini maisha ni maumivu na bado kila siku anashika filimbi, mimi sioni haya kumpenda.

Jambo nililoshindwa kumtetea ni lile la jirani. Mwaka 1821, akiwa Berlin, alikuta wanawake wanapiga soga mlangoni pa chumba chake. Mmoja, mshonaji aliyeishi nyumba hiyohiyo, akakataa kuondoka. Schopenhauer akamsukuma, mama yule akaumia, wakapelekana mahakamani kwa miaka, na mwisho mwanafalsafa akaamriwa amlipe fedha kila robo mwaka kwa maisha yote ya yule mama. Mama yangu aliposikia hivyo aliacha kumenya chungwa. "Wanawake kuongea mlangoni ndiyo kosa?" Kwetu, nyumba ya vyumba sita na korido moja, mlango usioongelewa mbele yake ni mlango wa mtu aliyehama.

Na ni korido hiyo iliyolirudisha friji langu.

Ilianza kwa mama muuza samaki. Siku moja soko lilimlalia, akabaki na changu na vibua, akaomba nafasi kwenye rafu za chini. Kisha kijana wa chumba cha kona, bodaboda, akaleta soda mbili za kumkaribishia mchumba. Dada mwenye kichanga akaleta maziwa aliyokamua kabla ya kwenda kazini. Mpaka Julai nilikuwa na friji lisiloingia yai. Kila mfuko ulikuwa na alama yake, huu umefungwa kwa uzi mwekundu, ule una fundo mbili.

Kisha siku moja alikuja bibi wa nyumba ya tatu, ameshika kopo la siagi kwa mikono miwili. Nilimpa shikamoo, nikamvutia kigoda. Ndani ya kopo mlikuwa na chupa ndogo mbili za insulini. Alikuwa akizihifadhi kwenye mtungi uliozungukwa na mchanga wa maji, kama alivyofundishwa, na ilikuwa imetosha, lakini joto la mwaka ule lilimtia wasiwasi. "Mwalimu," akasema, "nimesikia una baridi. Naomba unifichie na mimi." Dawa ile haitakiwi kuganda, inataka kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo tuliiweka rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma. Binti yangu akaandika kwenye kopo kwa kalamu ya wino: YA BIBI USIGUSE.

Schopenhauer ana kisa cha nungunungu. Siku ya baridi wanajikusanya wapate joto, miiba inawachoma, wanaachana, baridi inawarudisha, mpaka wanapata umbali wa kuvumiliana. Anamalizia kwamba mwenye joto lake mwenyewe atakaa mbali. Sisi wa Mbagala tulikusanyikia baridi, na miiba ilikuwepo, maana kuna aliyekunywa soda ya mwenziwe na nyumba nzima ikanuniana siku mbili. Lakini jioni, nikifungua mlango nimtafutie mtu mfuko wake, nilikuwa naona kitu ambacho lile friji la nyanya nne halikunionyesha. Rafu zote zilikuwa zimejaa kutaka kwa watu. Mchumba wa yule kijana alikuwa humo, kichanga kilikuwa humo, na mtaji wa mama muuza samaki.

Hapo ndipo nilipokielewa kipande cha Schopenhauer nilichokuwa nimekipita haraka. Mwaka 1840 alikataliwa tuzo na Jumuiya ya Sayansi ya Denmark kwa insha yake juu ya msingi wa maadili, ingawa yeye peke yake ndiye aliyeshindana. Walichukizwa, pamoja na mengine, na jinsi alivyowatukana wanafalsafa wakubwa. Lakini ndani ya insha ile kuna jambo ambalo kwangu linazidi kitabu chake chote. Anasema wema wote unatoka kwenye huruma, pale ukuta kati yangu na wewe unapokuwa mwembamba, na maumivu yako nikayaona kuwa yangu. Aliyasema hayo mtu aliyemsukuma mshonaji. Sijui kama hilo lilimsumbua, ila mimi limenifundisha kutokitupa kitabu kwa sababu ya mwandishi wake.

Usiku mmoja wa Agosti, saa tatu na nusu, friji lilinyamaza. LUKU ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimetoa ada, kwenye simu sikuwa na kitu, na mume wangu alikuwa safarini. Nilitoka koridoni nikasema wazi. Milango ikafunguka. Nikawaambia mlango wa friji usiguswe, maana likifungwa linashika baridi kama saa nne. Mama muuza samaki akaleta elfu mbili ya sarafu, nyingine zina magamba ya samaki. Kijana wa bodaboda akatuma elfu tatu kwa simu. Dada wa kichanga akaleta elfu moja. Bibi alikuwa ameshasikia, akaja na fimbo yake gizani, akafungua pindo la khanga, akatoa mia tano.

Nikamwambia, "Bibi, acha, imetosha."

"Siachi," akasema. "Nina sindano asubuhi."

Nikamkumbuka ombaomba wa Schopenhauer, aliyetupiwa sadaka ili imfikishe kesho. Niliitazama ile mia tano. Kesho ndiyo hasa tuliyokuwa tunaichangia.

Namba za LUKU zikaja, 20. Mimi nilisoma kwa tochi ya simu, binti yangu amesimama juu ya kigoda anabonyeza, na watu wazima sita nyuma yake wanarudia kila namba kwa sauti asije akakosea. Mara ya kwanza mashine ilikataa. Akafuta, akaanza upya. Ya pili taa ya korido ikawaka, na sebuleni friji likanguruma, likatikisika, likatulia.

Bibi akageuka kwenda. Alipofika mlangoni akasimama.

"Mwalimu. Kesho ukigandisha ukwaju wa watoto, kimoja kisitiwe sukari. Nina hamu nacho."